Kanuni ya Mabeki Wanne

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Daktari amesema moyo umechoka. Ameniambia niweke mambo yangu sawa. Shamba la Mlandizi nimeshagawa. Nyumba hii ya Kongowe ni ya binti yangu Aneth. Limebaki jambo moja: kanuni ya mabeki wanne.

Nieleze, maana ninakiri. Sisi wazee sita tuna ligi yetu ya fantasi. Kila mmoja huchagua wachezaji wa ligi ya Uingereza, na kila wiki hupanga kumi na mmoja wa kuanza. Wakifanya vizuri uwanjani, mwenye kikosi anapata pointi. Mtunga kanuni ni mimi. Mei iliyopita, siku ya mwisho wa msimu, Mwishehe wa Chole alikuwa ananiongoza. Asubuhi redio ikasema beki wake mmoja amevunjika mguu. Akabaki na watatu. Saa nne nikatangaza: kikosi kisichoanza na mabeki wanne hakipati pointi. Nikasema ni uamuzi wa kamati. Kamati ni mimi na miwani yangu.

Mwishehe akapata sifuri. Mimi nikapata kombe. Miaka ishirini alikuja hapa kila Jumamosi! Tangu siku ile hajakanyaga. Mihogo anatuma kwa bodaboda, bila salamu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamua kuandika barua. Kurasa tatu. Aneth akaisoma, akauliza aliyekosa ni nani, maana barua inasema "dosari zilijitokeza" na "taratibu hazikuzingatiwa". Miaka thelathini na mitano katika ofisi ya elimu. Mkono haujui kuandika "mimi".

Nimeichana.

Jumatano, 6 Agosti

Amekuja Hamisa, katibu wetu, muuguzi mstaafu. Habari mbaya: Mwishehe amejitoa, hachezi msimu huu. Papo hapo nikapata wazo. Nikatunga kanuni mpya: mwanachama anayeishi zaidi ya kilomita hamsini kutoka Kongowe anaruhusiwa kuanza na mabeki wawili tu. Hamisa akauliza wanachama wa namna hiyo wako wangapi. Nikasema, kwa bahati, mmoja. Akasema huko ni kuomba radhi kwa muhtasari wa kikao. Hata hivyo akampigia simu. Mwishehe akajibu kwamba hataki kanuni ya huruma, mgonjwa si yeye.

Nimeona aibu mchana kutwa. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Watani. Nikifa, yeye ndiye wa kunisema makaburini mpaka waliao wacheke. Asipokuja, nitazikwa kimya kama mpita njia.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Amekuja! Alasiri, na fimbo yake. Aneth akamwamkia, akaitikia marahaba akiwa tayari mlangoni mwa chumba changu. Akasema amesikia Mnyamwezi anakufa, amekuja kuhakikisha kama ni kifo au ni kanuni nyingine. Nilicheka, kifua kikauma.

Nikamwambia yote. Redio, saa nne, kamati. Safari hii nilisema "mimi".

Akaegemeza fimbo yake ukutani. Kisha akasema ya kamati aliyajua tangu Mei. Hakuna kamati duniani inayokubaliana kabla ya saa nne asubuhi.

"Mtani, ungekuja Chole mchana kweupe ukanipokonya kombe mkononi, ningecheka mwaka mzima," akasema. "Ndio utani huo. Wewe ukaniundia kamati, kama mtu baki."

Niliomba radhi, machozi yakanitoka, nikasingizia dawa. Akanishika mkono. Akasema makaburini kwangu atayaeleza yote, na kamati ataitaja kwa jina. Sijawahi kupewa ahadi nzuri kama hiyo.

Sharti lake la kurudi kwenye ligi ni moja tu: kanuni za kikosi cha kuanza zifungwe leo, kabla hatujachagua wachezaji, na zisiguswe tena. Nikaapa. Nikaandika kwa mkono wangu: kipa mmoja, mabeki watatu hadi watano, viungo wawili hadi watano, washambuliaji mmoja hadi watatu. Tukatia sahihi wote wawili. Akaniachia karatasi niitunze. Aliniamini.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumechagua wachezaji, wote sita, chumbani kwangu. Mwishehe alileta mihogo mwenyewe. Akachukua washambuliaji watatu wa hatari, mmoja wao nilimtaka mimi. Nikampongeza. Nilipongeza kwa moyo, na moyo wenyewe ndio huu. Hamisa akanipima presha, akasema imeshuka. Zawadi ya dhamiri safi.

Jumapili, 10 Agosti

Padri ameniletea komunyo nyumbani. Nimeungama mabeki wanne. Akaniambia niwe na amani. Nikawa nayo mpaka saa nane mchana.

Saa nane nikaomba orodha ya vikosi, niitazame tu. Washambuliaji wa Mwishehe, wote watatu, wanatoka timu moja! Timu hiyo ikishinda mabao manne, msimu umeisha kabla mimi sijaisha.

Nikatazama na karatasi ya kanuni. Kati ya kanuni ya mwisho na sahihi zetu kuna nafasi ya mstari mmoja. Nimeandika: "Kikosi kisianze na washambuliaji zaidi ya wawili wa timu moja."

Nilijuta nilipoandika neno la kwanza. Nikajuta tena katikati, machozi kabisa. Mstari ni mmoja tu, lakini herufi zimeenea zote.