Siku Kumi za Vigae

Jumatatu, 3 Juni
Msimamizi ameniuliza vigae vya vyoo viwili, ghorofa ya tatu, vitachukua siku ngapi. Kazi ya siku nne. Nikasema kumi! Sikupepesa jicho. Akaandika.

Kobe, fundi mwenzangu, amepewa vyoo vya upande wa pili. Yeye alipima kwanza, akahesabu vigae, akauliza saruji inakauka lini, ndipo akasema sita. Mshamba.

Binti yangu anaolewa Jumamosi, tarehe 15. Kazi isipoisha, ruhusa hakuna. Nitamaliza Alhamisi, Ijumaa niko basini, wiki nzima nyumbani! Niliishia darasa la tano, lakini hesabu hii ni tamu. Nimempigia mama watoto anitarajie mapema. Amesema ataamini akiniona mlangoni.

Jumatano, 5 Juni
Sijaweka hata kigae. Mgongo ulidai haki yake, na siku ninazo. Akiba haiozi. Fundi bomba ameomba aingie kwanza, siku mbili tu. Nikamwambia ingia, ndugu yangu, chukua hata tatu.

Jumamosi, 8 Juni
Kobe amemaliza. Siku ile ile aliyoisema! Amepita kwangu kuuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, kama hicho choo bado nakichumbia. Fundi bomba ndiyo kwanza ametoka. Nitaanza Jumatatu. Siku zimebaki nne, kazi ya siku nne. Hesabu imekaa vizuri kuliko mwanzo.

Jumatano, 12 Juni
Choo cha kwanza tayari. Msimamizi anachungulia kila mara, basi nikapata akili: cha pili nianzie mlangoni, akichungulia aone sakafu inang'aa. Amechungulia. Amenisifu!

Saa tisa nimeweka kigae cha mwisho, nikajikuta ukutani chini ya dirisha, saruji mbichi kati yangu na mlango. Kobe amekuja na nusu ya saiti kunitazama. Ameuliza kama niletewe mto. Nimekalia ndoo kwa muda wa saa mbili, kisha haja ikanishika. Niko chooni, na pa kujisaidia hapana! Nikatembea. Vigae kumi na vinne vimezama.

Alhamisi, 13 Juni
Mama watoto amepiga simu. Hakugomba, afadhali angegomba. Amesema binti yetu anauliza atasimama na nani Jumamosi.

Kobe alisikia. Akavua shati, tukang'oa vyote kumi na vinne, tukaviweka upya kuanzia ukutani, tukirudi kinyumenyume hadi mlangoni kama watu wenye akili. Saa kumi na moja tumemaliza. Ruhusa nimepata! Nilipomshukuru, Kobe alisema basi husimama mara moja tu njiani, nusu saa, na kwamba nisithubutu kushuka.

Ijumaa, 14 Juni
Basi limesimama. Nusu saa. Kula, dakika kumi. Kwa hiyo nina ishirini nzima, na nyuma ya hoteli kuna benchi lenye kivuli. Kobe angebaki kitini akitazama saa, maskini. Mimi nimevua viatu, naandika haya kwa raha zangu. Mkoba na suti ya harusi nimeviacha kitini, visinichoshe. Akiba haiozi.

Kuna basi linapiga honi huko mbele kama lina wazimu. Watu wengine hawajui kabisa kupanga muda wao.