Rula ya Ubao na Mnyororo wa Anjela

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Taifa linapumzika, mimi nakufa. Daktari hakusema hivyo. Alisema moyo umechoka, nipunguze chumvi na hasira. Lakini nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Mashine ikichoka, najua kinachofuata.

Mchungaji Elifuraha alinishauri niungame kabla sijaondoka, hata kwa kuandika tu. Nimejaribu dhambi za zamani. Nyingi nimezisahau, na chache ninazozikumbuka naona zilikuwa za watu wengine. Basi nitaungama za sasa, kadiri zinavyotokea.

Kinachoninyima usingizi si dhambi. Ni wasifu wa marehemu. Utasomwa siku ya kunizika, mbele ya usharika wote, na nimeuandika mwenyewe kwa sababu mkwe wangu Joyce hajui kuweka nukta. Nilizaliwa kijiji cha Poli, nikasoma, nikaoa, nikafundisha, nikastaafu. Baada ya hapo hakuna kitu. Miaka ya kukaa barazani kwenye kiti cha chuma. Wasifu hauwezi kuishia kwenye kiti!

Leo nimepata mstari wa mwisho. Mjukuu wangu Anjela, binti wa Joyce, ameitwa kwenye majaribio Jumamosi kule Momela, kwenye hifadhi ya wanyama. Kampuni ya kutembeza watalii kwa baiskeli. Nafasi moja. Kila mwombaji aje na baiskeli yake, na mnyororo ukichomoka njiani, kwaheri. Mgeni hawezi kusimamishwa katikati ya nyati ili afungiwe mnyororo. Anjela ana diploma ya utalii ambayo imekaa kabatini miaka mitatu huku yeye akikaanga maandazi. Akikosa safari hii, anasema, atahamia Dar kwa shangazi yake kuuza vocha. Anasema bila kulia. Hiyo ndiyo mbaya.

Na mchana, karibu na soko la Ngarenaro, mnyororo wake umechomoka. Nafasi yangu!

Kwa bahati mbaya Gurbachan naye alisikia akinisimulia getini. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya ua, Singasinga wa rika langu, aliyeuza vipuri vya baiskeli mpaka magoti yalipomkatalia ngazi za duka. Alipaza sauti: "Beti, ilete huku!" (Beti kwao ni binti.) Nikapaza yangu: baiskeli ya nyumba hii ina mwenyewe.

Anjela akasema mnyororo ulikuwa umelegea tu, kashaukaza. Vijana!

Jumanne, 8 Julai

Baridi. Mlima Meru umejifunika mawingu hadi magotini. Uji bila chumvi.

Kulegea tu! Gia ya mbele, ile ya pedeli, na gia ya nyuma, ile ya gurudumu, lazima zisimame mstari mmoja, kama wanafunzi wawili kwenye gwaride. Mmoja akitoka nje, mnyororo unakwenda mshazari. Unasaga meno, unalia, kisha unaruka. Kupima ni rahisi: unalaza kitu kilichonyooka kwenye uso wa gia ya mbele, unakifikisha nyuma. Kikizigusa zote mbili sawasawa, amani.

Kitu kilichonyooka ninacho. Rula ya ubao, mita nzima, mbao ya mninga, zawadi ya shule siku ya kustaafu. Imesimama nyuma ya mlango wa jiko tangu siku hiyo, kati ya moshi na ndoo ya maji. Haijanidanganya hata mara moja.

Anjela alipokwenda kunichukulia dawa, nikaipima baiskeli. Gia ya nyuma imetoka nje upana wa kidole. Nilijua!

Tatizo ni mikono. Siku hizi hata kifuniko cha chupa ya chai kinanishinda. Lakini Yiamat, anayetuletea maziwa kutoka Kisongo, alikuwa getini. Nikamwambia Anjela ameomba tumsaidie. (Ungamo: hakuomba.) Yiamat akafungua nati za gurudumu, tukaweka washa mbili, vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa chini ya nati, upande wa mnyororo ili gia isogee ndani. Washa tulizitoa chini ya kiti changu cha chuma. Yiamat aliuliza kiti kitasimama kwa kitu gani sasa. Nikamjibu kitasimama kwa mazoea.

Rula ikagusa gia zote mbili. Macho yalinilowa. Nimeongeza kwenye wasifu: "Katika siku zake za mwisho marehemu aliandaa kwa mkono wake baiskeli iliyompatia mjukuu wake kazi." Mkono wa Yiamat hauna haja ya kutajwa. Wasifu si wake.

Jumatano, 9 Julai

Anjela alikwenda Sakina na kurudi. Kurudi amerudi kwa miguu, anasukuma, mikono myeusi hadi viwiko. Mnyororo umechomoka mara nne. Kila mara katikati ya barabara, kila mara bodaboda wakimwimbia. Alisema haelewi, juzi baada ya kuukaza ulikuwa umenyamaza kabisa.

Nilimwambia dawa kali huanza kwa kuuchokoza ugonjwa. Akaenda kunawa.

Gurbachan hakualikwa. Alikuja na rula ya chuma, nyundo na jicho moja. Jingine limefungwa bandeji, wametoa mtoto wa jicho wiki iliyopita. Akainama, akakodoa, akatangaza gia ya nyuma haina kosa, iliyopinda ni ya mbele. Nikamuuliza mtu mwenye jicho moja anaonaje mstari mzima. Akaigeuza rula yangu mkononi kama anayenunua samaki. "Mwalimu," akasema, "hii rula yako ina kibiongo kama wewe."

Joyce alicheka jikoni. Nilisikia.

Nikamwonyesha muhuri wa shule. Akasema, "Hata wewe unao muhuri wa shule, na umepinda." Nikainyakua rula yangu, naye akafunga nyundo kwa kitambaa na kuigonga gia ya mbele mara tatu, kwa upole, kama anayebisha hodi. Sasa gia inayumba ikizunguka.

Anjela alisimama kati yetu akiwa ameshika kichwa. "Babu wote wawili," akasema, "shikamooni. Naomba mniachie baiskeli yangu."

Gurbachan akajibu marahaba kwa sauti ya chini. Mimi pia. Ni mara ya kwanza tumekubaliana tangu alipopanda ule ua wa michongoma.

Alhamisi, 10 Julai

Aibu. Naandika ukweli kwa kuwa nakufa.

Anjela aliigeuza baiskeli miguu juu uani. Akanyoosha gia ya mbele kidogokidogo kwa spana, akiizungusha na kuitazama, mpaka ikaacha kuyumba. Kisha akaomba uzi wa cherehani kwa mama yake. Joyce akashika ncha moja kwenye gia ya mbele, yeye akauvuta hadi nyuma. Uzi uliokazwa hauna namna ya kupinda. Hilo nililifundisha mwenyewe, Kidato cha Kwanza, muhula wa kwanza.

Kwa uzi, gia ya nyuma ilionekana imezama ndani. Akafungua nati. Akaziona washa. Akanitazama. Nikatazama mlima.

Alizitoa, akapima tena. Uzi ukagusa gia zote mbili. Kisha akauweka uzi juu ya rula yangu, ncha hadi ncha. Mwanga ulipita katikati. Upana wa kidole. Kidole kilekile.

"Babu," akasema taratibu, "imepinda."

Nilimwambia ni upepo, unausukuma uzi. Hapakuwa na upepo. Mawingu yenyewe yalikuwa yamesimama.

Mnyororo sasa unazunguka kimya kama saa. Washa amezitumbukiza kwenye kopo la misumari. Nimeusoma wasifu wangu upya. Utasomekaje? "Marehemu alikuwepo wakati uzi unavutwa"?

Jioni nilikula loshoro, mahindi kwa mtindi, bila hamu. Nikaongezewa, nikala tena bila hamu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeungama kwa mdomo. Naandika ili pasiwe na kuongezewa chumvi, ambayo nimekatazwa.

Asubuhi, Anjela alipokuwa bafuni, Yiamat akaja na maziwa. Nilikuwa nimetafakari. Uzi ni kitu cha kushonea. Rula ni chombo cha kupimia. Serikali haijawahi kutoa nyuzi kwa walimu wa fizikia. Nikamwambia Yiamat azirudishe washa kwenye gurudumu. Alisita. Nikamwambia ni amri ya mtu anayekufa. Akazirudisha.

Nikakaa kwenye kiti changu kutazama kazi inavyokwenda. Mazoea yakafika mwisho. Kiti kilifunguka mguu mmoja upande huu, mwingine upande ule, nami nikawa chini pamoja na rula na maziwa.

Kilio! Joyce alipiga yowe lililomvusha Gurbachan ua bila kupitia getini, na magoti yale. Wakanilaza kitandani. Mchungaji akaitwa. Nilikuwa nimeumia kiunoni tu, lakini wote walinong'ona vizuri sana, sikutaka kuwakatiza. Gurbachan alinishika mkono akasema nisiende, kwamba atagombana na nani. Nilibana macho. Jambo zuri la namna hiyo mtu hulisikia mara moja tu.

Kisha nikamsikia Anjela mlangoni akimwambia mama yake kwamba kesho haendi Momela. Hawezi kumwacha Babu katika hali hii. Watampa mwingine, basi. Na Dar iko palepale.

Moyo ulinigonga vibaya kuliko wakati wa kuanguka. Akibaki, amekosa kazi. Akienda, anakwenda na washa zangu.

Mchungaji akauliza kama kuna kitu kinanielemea. Nikasema washa. Akasogeza sikio. Nikarudia: washa mbili. Alikuwa ameshafungua kitabu cha ibada mahali pa toba kubwa, akabaki ameshika ukurasa. Nikamweleza yote, rula, Yiamat, kiti, wasifu. Alitoka nje kidogo. Nilidhani anaomba. Joyce anasema alikuwa ameshika nguzo ya baraza, mabega yanamtikisika. Aliporudi, macho yakiwa bado na maji, akasema hili linapaswa kusikiwa na Anjela, si na yeye.

Basi nikamwita. Nikamwambia nimeiboresha baiskeli tena.

Hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Babu," akasema, "ukikosa mstari kwenye wasifu, nitakuandikia mimi. Mimi nikikosa kazi, wewe utaniandikia nini?"

Swali zuri. Nilimwambia aende Momela, sifi kesho, neno la mwalimu. Alinifunika blanketi hadi kidevuni kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, akachukua spana. Nimelala hapa nikisikia nati zikifunguliwa uani, kisha zikifungwa. Anafanya haraka sana sasa.

Jumamosi, 12 Julai

Aliondoka alfajiri, baiskeli juu ya kigari cha mizigo cha kirikuu, uzi umezungushwa kwenye kidole kama pete.

Siku ndefu. Gurbachan alikuja kukaa nami. Tulijifanya tunasikiliza redio. Alisema yeye hana wasiwasi. Akaniuliza saa. Akaniuliza tena.

Amerudi jioni, vumbi hadi kope. AMEPATA!

Tulimlazimisha asimulie kabla hajanawa. Mnyororo wake haukutoa hata sauti, twiga walimtazama akipita. Lakini karibu na maziwa ya Momela, mwombaji mmoja aitwaye Hans, mwenye baiskeli ya kung'aa na viatu vya kufanana nayo, mnyororo wake ukachomoka. Akaurudisha, ukachomoka tena. Wenzake wakampita, na nyati hawakuwa mbali. Anjela akashuka. Akalitoa gurudumu, akavuta uzi, akahamisha washa moja, akalirudisha, wakati kiongozi wa msafara, mama mmoja aitwaye Namnyaki, bado anatafuta spana kwenye begi.

Namnyaki akamuuliza amejifunzia chuo gani. Anjela akasema, "Nyumbani. Kuna wazee wawili."

Joyce akaanza kulia. Gurbachan akanifinya bega, akasema unaona, nyundo yangu. Nyundo! Nikamuuliza nani aliyeziweka washa mara ya kwanza, na nani aliyeziweka mara ya pili. Msichana amelitoa gurudumu lile wiki nzima kwa sababu ya nani? Tuligombana mpaka chai ikapoa. Baadaye alituma sahani ya ladu, yale madonge matamu ya kwao, kupitia tundu la ua. Nimezionja zote kuhakikisha hazina chumvi.

Jumapili, 13 Julai

Ibadani Mchungaji alitoa shukrani kwa ajili ya Anjela. Alipofika kwenye maneno "na babu yake" akanywa maji.

Nimelala mchana mzima. Moyo umetulia kwa namna ya kushangaza. Nadhani kufa kutasubiri kidogo, maana kazi ipo.

Kampuni imempa Anjela baiskeli ya kazi. Imeegemezwa barazani. Ina gia nyingi nyuma, zimepangana kubwa kwa ndogo. Anaanza kesho saa tatu. Aliponipa mkono wa usiku mwema alinitazama machoni na kusema, "Babu, hii si yetu, ni ya kampuni." Nikamwambia naelewa.

Nimeipima. Nilitumia rula, kwa kuwa uzi ameuficha. Hakuna gia hata moja iliyo kwenye mstari! Fundi wao hajui kazi, na binti wa watu anataka kupanda nayo mlimani. Ninawezaje kunyamaza, mtu niliyekwisha kuungama?

Yiamat anapita na maziwa saa kumi na mbili asubuhi. Kiti changu kimekwenda kuchomelewa, lakini Joyce ana chake cha chuma jikoni. Nimeinama, kwa shida, nikakitazama chini.

Kina washa za kutosha.