Vita vya Madirisha Matatu na Ndara Moja ya Buluu

Tulieni, nyote mliowahi kusimama nyuma ya mtu mwenye karatasi ya daktari ndefu kuliko mkono wake. Ipumzisheni miguu yenu, mtege masikio, kwani nitawasimulia habari za asubuhi ile kuu ambapo foleni tatu za dawa zilivunjwa zikawa moja. Nami nilikuwapo, nafasi ya kumi na nne, mimi na kikohozi changu. Wako watakaowasimulia vita vya farasi na mikuki. Hao waacheni, hawakuwahi kuketi kwenye benchi.

Katika zahanati yetu palikuwa na madirisha matatu ya dawa, na mbele ya kila dirisha foleni yake, na kila foleni na balaa lake. Dirisha la kwanza lilitawaliwa na Mwepesi, mtoa dawa ambaye mikono yake ilimaliza kazi kabla mgonjwa hajamaliza salamu. La pili lilitawaliwa na Mzee wa Maelezo, mtu mwema kupita kiasi, asiyemruhusu mgonjwa aondoke kabla hajamweleza kidonge kinapita wapi kikishamezwa na kinakutana na nani huko ndani. Kwenye la tatu alikaa dada mmoja mpole ambaye kompyuta yake ilizimika kila ilipojisikia. Ukichagua foleni, umeichagua siku yako nzima.

Basi wenyeji wa pale, kwa kuwa hawakujua foleni ipi itakwenda mbio, walibuni mbinu ya kivita. Mtu alisimama foleni moja yeye mwenyewe, akaweka mfuko foleni ya pili na ndara foleni ya tatu, kisha akazilinda zote kwa macho. Kufikia saa mbili asubuhi foleni ya tatu ilikuwa na watu wanne na viatu tisa. Jemadari wa mbinu hiyo alikuwa Mama Cherehani, mshonaji wa mashuka, aliyekuja vitani kila mwezi na miguu miwili na ndara tatu.

Sasa nimtaje shujaa. Ni Karani wa Mafaili, mwenye kalamu sikioni, mbeba majalada, mjuzi wa rafu za juu zisizofikiwa bila kiti; naye jioni alisomea ile elimu ya kupanga kazi kwa hesabu, inayopima watu wangapi huingia kwa saa, wangapi huhudumiwa, na nani anasubiri bure. Angeweza kuisoma akafaulu mtihani, mambo yakaishia hapo. Kilichomwingiza vitani ni baba yake.

Baba yake alikuwa refa mstaafu wa mpira wa miguu, Mpuliza Filimbi Asiyependelea, ambaye siku ya fainali alimtoa mdogo wake wa tumbo moja kwa kadi nyekundu, na kesho yake wakala meza moja bila kusemezana. Uzeeni alipatwa na presha na magoti mabovu. Mara mbili alikuja kuchukua dawa, mara mbili akaangukia foleni ya kompyuta, na mara mbili magoti yakasalimu amri akarudi nyumbani mikono mitupu.

"Baba, nipe hiyo karatasi," akasema Karani. "Nitapitia mlango wa nyuma, dakika mbili tu."

"Mwanangu," akanena Refa, amekaa wima kama aliye katikati ya uwanja, "miaka ishirini na sita nimepuliza filimbi. Nimezomewa na viwanja vizima, nimerushiwa machungwa, mengine yakiwa bado mazuri. Hakuna aliyewahi kusema nimependelea. Leo nije nipendelewe mimi, kwa vidonge?"

"Siku ya sita leo hujameza kitu, baba."

"Basi tengenezeni foleni yenu."

Karani akaogopa kwelikweli. Kuanzia siku ile ile, siku tano mfululizo, akaketi karibu na madirisha na saa yake ya mkononi, akiandika mgongoni mwa majalada ya zamani nani kaingia lini na katoka lini. Siku ya tano akaingia kwa Sista Mkuu, mlinzi wa funguo zote, ambaye mbele yake hata madaktari huzungumza polepole.

"Sista, naomba tufanye foleni moja kwa madirisha yote matatu. Aliye mbele aende kwenye dirisha lililo wazi, lolote."

"Foleni moja? Watu wataiona ndefu, watanijia juu."

"Itakuwa ndefu mara tatu, Sista, lakini itakwenda mbio mara tatu. Sasa hivi mtu mmoja mwenye dawa saba anawafungia njia wote walio nyuma yake. Kwenye foleni moja atafunga dirisha lake tu."

Sista Mkuu akamtazama kama mtu anayesoma kipimajoto. "Kesho nakupa mabenchi ya chanjo mpaka saa nne, maana saa nne wanakuja akina mama na watoto. Nikisikia vurugu kabla ya hapo, foleni tatu zinarudi, na hesabu zako usiniletee tena."

Na kesho yake, siku ya kumi na moja ya Refa bila kidonge, jua likiwa halijapata nguvu, Karani aliyapanga mabenchi sita ya mbao, yakifuatana kwa kupinda, moja baada ya jingine, ili watu waketi na kusogea, wala wasisimame. Jeshi la wagonjwa lilipofika mlangoni likasita. Fundi mmoja wa uashi, mwenye bandeji kidoleni, akauliza kwa niaba ya umma, "Yaani mmetuunganisha sisi na wale wa kompyuta?" Manung'uniko yakapanda. Lakini papo hapo Mwepesi akaita, "Anayefuata," na dada mpole akaita, na benchi zima likasogea. Na wakati watu wangali wanatafuta maneno ya kulalamikia, wakajikuta wamesogea tena. Ni vigumu kulalamika huku unahama.

Mama Cherehani ndiye aliyepata hasara kubwa, kwa kuwa foleni ilikuwa moja na ndara yake ya tatu ikakosa ajira. Kwa mazoea akaivua ile ya buluu aliyoivaa, akaiweka benchini nafasi ya kumi na mbili, akaenda akichechemea hadi getini kumpimia mteja shuka. Saa mbili na dakika kumi akaingia Refa, mpole na mgumu, akaketi nafasi ya kumi na tatu. Nikaja mimi.

Basi, ndugu zangu, niliyoyaona kwa macho yangu ni haya: kila benchi liliposogea, yule mzee aliisogeza ndara ya mwenzake kwa vidole viwili, kwa heshima zote, kisha akasogea yeye. Tukafika mbele. Madirisha yote matatu yakawa wazi kwa pamoja.

"Anayefuata," akaita Mwepesi.

Ndara haikujibu.

"Mzee, pita wewe," nikamwambia.

"Zamu si yangu," akanena Refa. "Mwenye zamu yuko mbele yangu."

"Hicho ni kiatu, mzee."

"Kimewahi."

Na hapo ndipo lilipofunuka jeraha la foleni moja, ambalo hesabu za siku tano hazikuliona: mmoja aliye mbele akigoma, wote wanagoma. Madirisha matatu yakiwa yamekaa bure, watu zaidi ya thelathini wamenasa nyuma ya ndara moja, na nyuma ya ndara yuko mtu mmoja mwadilifu. Fundi wa uashi akapaza sauti. Mtoto akalia. Mlangoni akatokea Sista Mkuu, mikono kiunoni.

Karani akaona kazi yake yote ikimponyoka, na aliyeizuia ni yule yule aliyefanyiwa. Angeweza kuitupa ndara ile nje. Lakini alimjua baba yake. Angesimama, angeshika karatasi yake, angeondoka, na ingekuwa siku ya kumi na mbili. Akachomoa kalamu sikioni, akairudisha. Kisha akainama, akaiinua ndara ya buluu kwa mikono miwili, akatembea nayo mbele ya umati wote, akaiweka juu ya ubao wa dirisha la pili.

"Mwenye zamu huyu hapa," akamwambia Mzee wa Maelezo. "Naomba ahudumiwe."

Mzee wa Maelezo akavaa miwani, akaitazama ndara, akasema, "Mwambie akae. Nitamsubiri, nina mengi ya kumweleza."

Karani akageuka. "Baba, aliyekutangulia ameshafika dirishani. Dirisha la kwanza liko wazi."

Refa akaitazama ndara iliyokuwa imeegemea kioo, akaitazama saa yake, akatafuta kosa katika kanuni ile asilione, akainuka. Mimi nikaenda kwa dada mpole, na kompyuta, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, haikuzimika. Wa nyuma yangu wakafuata, benchi likaanza tena kuhama. Mama Cherehani aliporudi mbio, mguu mmoja peku, akiuliza nani kachukua ndara yake, akaonyeshwa dirisha la pili. Na Mzee wa Maelezo akamweleza kwa muda wa dakika tisa, nasi tulio wengine hatukuumia hata kidogo.

Saa tatu na nusu mabenchi yalikuwa matupu. Sista Mkuu akayahesabu kana kwamba moja lingeweza kuwa limeibwa, akasema, "Na kesho pia," akaenda zake. Kwa wanaomjua, hiyo ni hotuba.

Refa alikuwa bado amesimama kando ya mtungi wa maji. Alimeza kidonge cha kwanza hapo hapo.

"Nimependelewa?" akauliza.

"Hapana, baba."

"Hata kidogo?"

"Ndara ilihudumiwa kabla yako. Watu wote wameona."

Akaitazama tena saa. "Dakika ishirini na moja, toka benchini hadi dirishani," akasema. "Mwezi ujao nitakuja mwenyewe." Kisha yule mzee, ambaye katika miaka ishirini na sita hakuwahi kuipigia makofi timu yoyote, akanyoosha mkono wake wote, akaonyesha katikati ya chumba kama anavyofanya refa mpira unapoingia wavuni.

Karani akajificha nyuma ya jalada moja, akalia kidogo. Bao lilikuwa halali. Mimi ni shahidi, nafasi ya kumi na nne.