Omena Juu ya Mizani ya Abu Faisal

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na nguo zenyewe hazikuwa hata zangu.

Kwa wale hamnijui, mimi ni dereva wa nyumba hapa Doha, upande wa Al Thumama. Mtu mzima, shule niliachia darasa la nne, nywele zimeanza kunihama. Bosi wangu ni Mkatari tunamwita Abu Faisal. Yeye huniita Yusuf kwa sababu Joseph inamkwama mdomoni (nimezoea, siku hizi hata ndotoni naitikia Yusuf). Waliohusika nitawataja kwa majina. Wakikasirika ni sawa, mimi nimekasirika tangu asubuhi.

Ilianza hivi. Abu Faisal aliamua kwenda kutembea kwa miguu huko Sweden, kaskazini kabisa, kwenye mbuga ya milima isiyo na barabara, isiyo na hoteli, isiyo na hata kibao cha kukuonyesha njia. Theluji huko haiishi hata kiangazi, na jua halilali. Mtu ana magari uani na anataka kulala chini kwa hema. Alikuwa anaenda na shemeji yake, Nasser, na akawa anatafuta mtu wa tatu anayejua baridi. Siku moja tukiwa kwenye foleni ya magari nikamwambia kwamba zamani nilikuwa pota wa Mlima Kenya.

Akanigeukia kama mtu aliyeokota pete.

"Wewe, Yusuf? Na siku zote hizi umeninyamazia?"

Ni kweli nilikuwa pota. Watu wa Naro Moru mnaijua hiyo kazi. Mlima niliupanda mara nyingi na sikuwahi kuuona, maana nilikuwa nimeinama chini ya mizigo ya Wazungu. Siku ile mvua ya barafu ilipotupata, kiongozi wetu, Muriithi, alikuwa amenipachika mzigo wa mtu mwingine juu ya wangu ili yeye atembee mikono mitupu. Mimi nilishuka hai. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havikushuka. Muriithi, kama bado una miguu yote, itembelee vizuri.

Kwa hivyo mnielewe. Abu Faisal aliponiambia nitaenda kama mwenzao, na begi langu mwenyewe, viatu vya maana, viza yenye jina langu, niliingia chumbani nikafunga mlango. Mwanaume wa umri wangu halii uani. Nilisema mara hii moja nitatembea mlimani nimeinua kichwa.

Basi tukaanza kujipanga. Kila jioni tulikaa kwenye majlis, ile sebule yake ya wageni, na mizani ya jikoni katikati ya zulia. Kumbe watu wa milima siku hizi wanatembea wepesi, na Abu Faisal alikuwa ameyasoma hayo kwenye intaneti mpaka macho yakawa mekundu. Mswaki ulikatwa mpini. Lebo za mashati zikakatwa kwa makasi. Tende tulizitoa kokwa, moja moja, kwa sababu kokwa ni uzito na haliliki. (Aliyetoa ni mimi. Kucha zangu bado tamu.) Nasser alitaka kubeba birika la kahawa aliloachiwa na marehemu baba yake. Likapandishwa kwenye mizani. Abu Faisal akatikisa kichwa. Nasser akalirudisha ndani polepole, kama mtu anayepeleka maiti.

Abu Faisal alinieleza sababu vizuri kabisa.

"Kule kuna mito ya kuvuka kwa miguu, Yusuf. Mwenye mzigo mzito akianguka, haamki. Na sisi ni watatu, hema moja. Mmoja akichoka, mzigo wake unakuwa wetu."

"Tamam," nikasema.

Madereva wenzangu mnaijua hiyo tamam. Ndiyo sawa ya huku. Bosi akisema twende, tamam. Akisema subiri juani, tamam. Akiuliza kama umekula na tumbo linalia, tamam. Lakini moyoni nilikuwa nimeamua kwamba huo wepesi ni wa watu laini. Mgongo huu ulibeba mitungi ya gesi. Utashindwa na nini?

Sasa tufike kwa Wafula. Wafula ni mlinzi wa hoteli, tunasali pamoja kanisani Mesaimeer kila Ijumaa. Wiki iliyopita, tukiwa kwenye foleni ya kukaguliwa pale getini, nilimnong'oneza habari ya safari nikamwambia iwe siri. Aliiweka mpaka wakati wa matangazo. Akasimama.

"Bwana asifiwe. Ndugu yetu Joseph anaenda Sweden. Tumwombee."

Nikaitwa mbele. Nikawekewa mikono kichwani. Nilifurahi, sitadanganya. Sasa jana niliporudi kanisani, mikono ile ile ilikuwa inanisubiri na mifuko ya nailoni.

Desturi yetu mnaijua. Huku mtu akisafiri amekuwa posta. Dawa za mama yangu zilifika nyumbani miaka yote kwa mabegi ya watu, na wengine hata sikuwajua. Utakataa vipi mzigo wa mwenzako? Utaanzia wapi?

Nilijaribu kwa Akinyi. Akinyi ni nesi, msichana mwenye heshima zake.

"Baba, ni omena kidogo tu ya dada yangu. Ana mimba, anasikia hamu ya vitu vya nyumbani."

"Mwanangu, mimi naenda porini. Kule hakuna watu. Kuna wanyama wenye mapembe."

"Si ni Sweden?"

"Ni Sweden."

"Na yeye yuko Sweden. Utampigia, atakuja stesheni."

(Baadaye niliangalia ramani. Kutoka kwa huyo dada mpaka mbugani ni kama utoke Nairobi uende Mombasa, urudi, halafu uende tena.)

Wafula naye, bila haya, akaleta unga wa ugali wa binamu yake mwanafunzi. "Pakiti moja tu, mzee. Kijana analishwa viazi." Halafu akaja Mama Shiru, yule anayesuka watu mtaa wa Abu Hamour, na mfuko uliofungwa mafundo mpaka juu. "Ni majani ya chai ya binti yangu, na kitambaa kidogo." Sikuufungua. Mfuko wa mtu haufunguliwi.

Nikarudi nyumbani, nikapanga begi. Halikufunga. Nikasukuma kwa goti. Halikufunga. Ndipo nikatoa koti langu la mvua. Halafu nikatoa soksi za akiba. Likafunga.

Someni tena hapo. Mtu aliyeacha vidole vyake kwenye baridi ametoa soksi ili omena ipate nafasi.

Leo asubuhi ilikuwa mazoezi ya mwisho. Nilidhani ni kutembea tu. Abu Faisal akanikuta mlangoni nimeshavaa begi, natabasamu kama bwana harusi.

"Begi tayari, Yusuf?"

"Tamam."

"Kila kitu kimo?"

"Tamam."

Tukazunguka mtaa kabla jua halijakolea. Nilikuwa mbele yao njia nzima. Nasser anahema, mimi napiga mluzi. Walinzi wa jirani walitoka kutuangalia. Kama mambo yangeishia hapo, sasa hivi ningekuwa naandika habari nyingine.

Tuliporudi, Abu Faisal akakaa juu ya zulia, akavuta mizani karibu.

"Sasa tufungue. Tupime mara ya mwisho."

Yeye akafungua lake. Nasser akafungua lake. Mimi nikasema nasikia kwenda chooni. Abu Faisal, mtu wa kusaidia sana, akanivutia zipu mwenyewe.

Unga ukatoka kwanza. Akaugeuza, akausoma, akauweka chini. Ukafuata mfuko wa omena. Goti langu la jana lilikuwa limeupasua, kwa hivyo walitoka wao wenyewe, wakajaa kwenye mizani, wakamwagika kwenye zulia la wageni. Harufu mnaijua.

"Hii nini?" Nasser akauliza.

"Samaki."

"Samaki? Kule kuna dubu, Yusuf."

"Ni wadogo."

"Dubu ni wadogo?"

"Samaki. Samaki ndio wadogo."

Abu Faisal akafika kwenye mfuko wa Mama Shiru. Akafungua fundo baada ya fundo kwa subira ya mtu wa Mungu. Majani ya chai hayakuwemo. Kitu cheusi chenye manyoya marefu kikaruka kutoka ndani, na Nasser akapanda juu ya kochi na viatu vyake. Ilikuwa wigi. Chini ya wigi kulikuwa na kamisi. Chini ya kamisi kulikuwa na sidiria, nyekundu, za mwili mkubwa, ambazo mbili zingetosha kuezeka hema letu. Kwenye majlis ya wanaume. Wake zao wenyewe hawaingii humo.

Abu Faisal akafunika macho na kilemba chake.

"Za nani?"

"Sijui."

Na ni kweli sijui. Huyo binti wa Mama Shiru sijawahi kumwona. Lakini jamani, katika majibu yote niliyokuwa nayo, hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Nasser alishuka kwenye kochi. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mimi nimeacha birika la baba yangu. La baba yangu, Yusuf. Na wewe umebeba hivi?"

Nilianza kuokota omena, mmoja mmoja, nimepiga magoti. Nikasema ni desturi ya kwetu, nikasema nina nguvu, nikasema si wameona nilivyotembea mbele. Abu Faisal hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaangalia ndani ya begi.

"Koti la mvua liko wapi?"

Nikaendelea kuokota omena.

"Na soksi?"

"Chumbani."

Akaangalia mguu wangu wa kushoto. Ile habari ya vidole nilikuwa nimemsimulia mwenyewe. Ningependelea anitukane. Bosi akikutukana unajua pa kujiweka.

"Asubuhi nimekuuliza kama begi liko tayari," akasema taratibu. "Ukasema tamam. Kule juu nitakuuliza kama mguu uko sawa. Utaniambia nini?"

Nilitaka kusema nitamwambia ukweli. Nilijua, na yeye alijua, nitakachomwambia.

"Tutaenda wawili," akasema. "Uzito si tatizo, Yusuf. Uzito tungepunguza. Lakini siwezi kumzika mtu kwa sababu alishindwa kukataa mfuko."

Akaniwekea mkono begani, kidogo tu, akaenda kunawa mikono. Nasser akanisaidia kutoa samaki kwenye nyuzi za zulia. Hata hilo lilinichoma.

Niliwatumia wote watatu ujumbe kwamba siendi tena. Simu nilizopigiwa baada ya hapo ni mbili. Akinyi alisema pole, baba, halafu akauliza omena sasa itaenda na nani. Wafula hakusema pole. Alisema kwa vile mimi ndiye nitakayewapeleka uwanja wa ndege, nimwulize Abu Faisal kwa upole kama ana kanafasi ka unga. Mama Shiru hajapiga. Mama Shiru, nakuona uko mtandaoni.

Kwa hivyo wiki ijayo nitawapeleka uwanja wa ndege. Mabegi yao nitayatoa kwenye buti mimi, yote mawili kwa mkono mmoja, jinsi yalivyo mepesi, kisha nitarudi nyumbani. Viatu vipya ameniambia nibaki navyo. Nimevivaa sasa hivi humu chumbani, kiyoyozi nimekiweka baridi mpaka mwisho.

Anayetaka kucheka naomba aje achekee hapa Al Thumama, na akimaliza aondoke na mzigo wake.