La ya Sikio la Kushoto

Jumatatu, 3 Februari

Nimeamka na pamba kwenye sikio la kushoto. Pamba yenyewe haipo. Nimechokonoa kwa kidole, kwa kijiti, kwa ncha ya taulo. Hakuna kitu. Ndani kuna mluzi mmoja mrefu, usiovuta pumzi. Nikimeza mate, kishindo. Nikiinama kufunga buti, kichwa kinajaa upande mmoja.

Nimedhani ni jokofu. Nimechomoa waya. Mluzi umeendelea, nami nimesahau kuurudisha waya. Aiskrimu ya mke wangu Marlys imekuwa supu.

Ubaya ni kwamba zimebaki siku kumi na moja. Ijumaa tarehe 14 nasawazisha noti za piano kubwa ya kanisa letu. Jumamosi ni tamasha, na mpiga piano anatoka mji wa Duluth. Kwa miaka thelathini na moja piano ile imeguswa na mimi tu, na kabla yangu ilikuwa ya baba. Sisi akina Hakala hufanya kazi kwa sikio na kwa uma wa baba: chuma cha meno mawili, ukikigonga gotini kinaimba La, noti ya kupimia nyingine zote. Rodney Saari, mpinzani wangu, anafanya kwa simu. Anaiweka simu juu ya piano, simu inamwambia kaza, legeza, naye anajiita fundi! Tangu Krismasi anamnong'oneza Eunice Niemi, mkuu wa kwaya, kwamba masikio ya wazee huchoka. Nina miaka sitini na mbili tu. Akisikia habari ya pamba hii, nimekwisha. Siri ni yangu na daftari.

Jumanne, 4 Februari

Mafuta ya uvuguvugu, matone matatu. Yameingia, yametoka, yameharibu foronya. Ubani wa kutafuna, pakiti mbili. Taya linauma, sikio vilevile. Nimeziba pua nikapuliza hadi macho yakanitoka. Marlys ameingia, akauliza nafanya nini. Nimesema ni mazoezi ya mashavu.

Mke wangu alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na tano. Haamini mazoezi ya mashavu. Amekaa upande wangu wa kushoto akasema jambo refu. Nimeitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. Kumbe nimekubali kuwa mimi ndiye niliyechomoa jokofu.

Jumatano, 5 Februari

Zahanati. Nyumbani nimeaga kwamba ni goti.

Daktari Lund amechungulia na kitochi chake. Nta hamna, ngoma ya sikio safi. Nilitegemea afurahi. Hakufurahi. Ameniambia polepole kwamba sikio likizima ghafla bila sababu halisubiri mtu. Dawa ipo, ila inafanya kazi mapema, ndani ya wiki mbili za kwanza, na kila siku inayopita mlango unajifunga kidogo. Lakini hatoi dawa kwa kubahatisha. Kwanza kipimo cha usikivu, Ijumaa hii. Amesema nifanye kwa uaminifu. Sijui kwa nini aliona haja ya kusema hivyo.

Nimehesabu. Wiki mbili zinaisha tarehe 16. Muda upo. Nimejirudia hivyo njia nzima.

Halafu nimesoma karatasi ya miadi. Mpimaji ni Brianna Saari. Mtoto wa kaka yake Rodney! Wanakula pamoja kila Jumapili. Akiandika kwamba sikio langu limekufa, Rodney ataipata habari kabla mkate wa iliki haujakatwa.

Ijumaa, 7 Februari

Ushindi!

Wanakufungia ndani ya kijichumba mfano wa kabati, na hedifoni kichwani na kitufe mkononi. Ukisikia mlio, bonyeza. Brianna anakaa nje ya kidirisha, amekupa mgongo nusu. Lakini ukutani kwake kuna picha ya ziwa, ina kioo, na ndani ya kioo nililiona bega lake. Kila anapotuma mlio, bega linashuka. Bega chini, kidole chini. Mchezo wa watoto.

Sikio la kulia nilisikia kwa haki. Tukaenda la kushoto. Bega likashuka. Sikusikia kitu. Likashuka tena. Mluzi tu, na nyuma ya mluzi, kimya. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: niliogopa. Lakini kidole kilijibu. Mara tatu alikuwa anajikuna shingo. Kidole kilijibu hata hapo.

Ameitazama karatasi muda mrefu. Akasema masikio yangu yanashangaza. Nimemshukuru, nikamwambia ni ya ukoo.

Jioni Daktari Lund amepiga simu. Kwa karatasi hii hana sababu ya kunipa dawa. Brianna anataka turudie Jumatatu, kuna kitu hakimkai sawa. Hapo nilipandwa na hasira. Nina sikio bovu, nalisikia likipiga mluzi mchana kutwa, na watu waliosoma miaka kumi hawalioni! Nimesema Jumatatu nina kazi.

Jumamosi, 8 Februari

Babu alisema: sauna, pombe na lami visipokuponya, mwite seremala wa majeneza. Pombe nimeacha, lami sina. Nimewasha sauna, kibanda chetu cha mvuke.

Saa nzima juu ya benchi la juu. Kila kijiko cha maji kwenye mawe, mvuke, na sikio likazidi kuvimba kwa ndani. Nikamwaga ndoo nzima. Mbao za ukuta zikaanza kuzunguka. Nimetoka kwa magoti, uchi, hadi kwenye theluji, nikaushika mti wa msonobari ili dunia itulie.

Marlys alikuja na blanketi. Hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema kitu upande wa kushoto, akanitazama, akazunguka upande wa kulia, akasema tena.

"Dale. Ni sikio, siyo?"

Nimemwambia ni goti.

Jumanne, 11 Februari

Zahanati wamepiga mara nne tangu jana. Sijapokea. Najua mchezo wao: Brianna ametumwa na baba yake mdogo anipeleleze.

Marlys ameweka barua ya zahanati kando ya sahani yangu. Alipokuwa anaondoa vyombo aliniambia kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Nimeiweka barua chini ya bakuli la sukari, bila kuifungua.

Jumatano, 12 Februari

Jambo zito. Nimegonga uma wa baba, nikauweka kwenye sikio la kulia: La. Nikauhamishia kushoto, nikaukandamiza mpaka mfupa ukauma: sauti ya mbali, tena imeshuka! Uma mmoja, noti mbili. Nimerudia mara ishirini.

Nimekaa kwenye karakana nikafikiri kama fundi. Masikio mawili, uma mmoja. Nani mwenye kasoro? Masikio yana karatasi ya zahanati kwamba ni mazima. Uma hauna karatasi. Una miaka sabini, umegongwa magotini na wanaume wawili. Chuma nacho huchoka.

Kwa hiyo uma umeharibika. Na hapo, wakati nimeshika kichwa, nimegundua rehema yenyewe. Mluzi! Haupandi, haushuki, hauchoki, usiku na mchana. Nimewekewa La yangu mwenyewe ndani ya kichwa, na siku zote hizi naichukia. Baba angelia kwa furaha.

Ijumaa, 14 Februari

Saa tisa za kazi. Nimeziba sikio la kulia kwa nta ya mshumaa lisinichanganye, nikaufuata mluzi, ambao uko chini ya uma wa baba. Nyuzi zaidi ya mia mbili nimezilegeza moja moja. Mgongo umekufa. Kila noti imelala juu ya mluzi kama mtoto kifuani kwa mama. Sijawahi kufanya kazi safi hivi.

Saa kumi Rodney ameingia, eti amesahau glavu. Nimetoa nta nimsikie. Ameweka simu yake juu ya piano kama kawaida, akagonga noti moja, akagonga ya pili. Nilimngojea acheke. Hakucheka. Uso ulimbadilika.

"Mzee Dale, tafadhali. Hii piano imeshuka. Yote. Niache nikusaidie, sitamwambia mtu."

Nimemwambia simu yake inahitaji betri. Nimemsindikiza mlangoni, nimefunga ukumbi, nimeondoka na ufunguo. Kwa nini alinionea huruma? Adui akikuonea huruma, ujue umemshinda.

Jumamosi, 15 Februari

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Eunice kwenye kinanda cha mabomba, Bi Aune wa Duluth kwenye piano, kwaya nyuma. Vilianza pamoja. Mimi nilifumba macho, nikaziba sikio la kulia kwa kidole, nikageuza la kushoto mbele. Nilisikia piano peke yake, kwa mbali, juu ya mluzi wangu. Machozi yakanitoka, nikaona wote watalia.

Nilipofumbua, watu walikuwa wamekunja nyuso. Mchungaji ameshika paji la uso. Kwaya ilikuwa imegawanyika, nusu wanafuata kinanda, nusu piano, soprano wamenyamaza kabisa. Nikatoa kidole kwenye sikio la kulia. Mungu wangu. Ng'ombe wawili waliofungwa kamba moja, kila mmoja anavuta kwake.

Bi Aune aliondoa mikono. Akavitazama vibonyezo vile vyeupe kana kwamba vimemtukana. Kisha watu mia mbili, taratibu, wakanigeukia mimi.

Rodney alisimama. Nilijua sasa atasema. Alisema piano kubwa haitulii kwenye baridi kama hii, si kosa la mtu, na tamasha liendelee na kinanda peke yake. Akakaa. Hakunitazama. Ningependa zaidi angenipiga.

Marlys alikuwa kushoto kwangu. Midomo yake ilicheza muda mrefu. Sikusikia hata herufi. Akahamia kulia, mbele ya watu wote.

"Nimekwambia hapo nakupenda, na nimekwambia wewe ni mjinga. Hujasikia hata kimoja. Haya, inuka, nikupeleke kwa Brianna."

Nyuma ya viti Brianna alikuwa ananingoja na koti mkononi. Amesema amenipigia mara sita, na sasa ni hadi Jumatatu, zahanati ikifunguliwa. Amesema hajawahi kuona mtu anayesikia mtu akijikuna.

Jumatatu, 17 Februari

Kipimo tena, saa mbili asubuhi. Brianna ametundika koti lake juu ya picha ya ziwa. Nimekaa na kitufe, bila pa kuchungulia. Upande wa kulia, bonyeza, bonyeza. Upande wa kushoto nilingoja. Nikangoja. Nadhani alituma milio mingi sana.

Mstari wa sikio la kushoto umelala chini kabisa ya karatasi. Daktari Lund amenituma mjini Marquette mchana huohuo, mwendo wa saa mbili ndani ya theluji, Marlys akiendesha. Daktari wa masikio amenipa vidonge, amenidunga sindano kupitia ngoma ya sikio. Ameuliza lilianza lini. Tarehe tatu. Akahesabu kwa vidole. Akauliza kwa nini sikuja mapema. Marlys alijibu badala yangu, yote, kuanzia jokofu.

Leo ni siku ya kumi na tano. Hakuahidi kitu. Kama ningebonyeza kwa haki Ijumaa ile, ingekuwa siku ya tano. Siku kumi nimezitupa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa kidole hiki. Nimelia ndani ya gari. Nimeapa mbele ya Marlys: uongo basi. Naapa na hapa pia.

Alhamisi, 6 Machi

Sikio limerudi nusu! Kushoto nasikia mlango, mbwa, na Marlys akiwa na hasira. Mluzi umebaki, ila umepungua.

Kesho saa tatu ni kipimo cha mwisho. Daktari wa Marquette ameeleza vizuri: amebakiza sindano moja. Kipimo kikionyesha sikio bado liko chini, ananidunga, na huenda robo nyingine ikarudi. Kikionyesha limepona, anaacha hapohapo. Baada ya hapo mlango umefungwa.

Leo nimekutana na Eunice dukani. Piano ya Pasaka wamempa Rodney. Nilipomsihi amesema hana kinyongo nami, na nikileta karatasi inayoonyesha masikio yote mawili yako sawa, kazi ni yangu tena.

Karatasi inayoonyesha masikio yote mawili yako sawa.

Koti litakuwepo juu ya picha, najua. Lakini wiki hizi mbili na ushei nimefanya vipimo vinne, na sikio la kulia, lile zima, limekuwa linasikiliza kwa makini. Brianna ni mtu wa mazoea. Mlio, sekunde tano. Mlio, sekunde tano. Mlio, sekunde saba. Tano, tano, saba, halafu anaanza upya. Kushoto vilevile kama kulia. Wala huhitaji kusikia. Unahitaji kuhesabu tu, na ukoo wetu wote ni wa wanamuziki.

Kiapo nakikumbuka. Niliapa kutosema uongo. Kubonyeza si kusema.

Marlys anazungumza jikoni, kushoto kwangu, pengine na mimi. Nitamwitikia nikimaliza zoezi. Tano, tano, saba.