Bamia Nzima ya Dada Dinalva

Jumanne, 1 Desemba

Nimo melini. Siamini. Miaka ishirini na saba nilipima magunia ya kahawa hapa bandarini Santos, na kila kiangazi nikiziona meli hizi nyeupe zikiondoka na watu wakipunga mikono. Leo nimepunga mimi. Chini hakuna aliyejibu.

Chumba namba 6114. Dirisha halifunguki. Nalala na Osmar, kaka wa marehemu mke wangu, kwa sababu chumba cha mtu mmoja kina bei ya watu wawili. Kabla hatujang'oa nanga alikuwa ameshajua majina ya wahudumu wanne, na kwamba mmoja wao mkewe ni mjamzito. Mimi nilikuwa nimeshajua choo kilipo.

Ijumaa tunafika Salvador. Tunashuka saa tatu asubuhi, tunarudi melini saa kumi na moja jioni, basi. Ijumaa ni tarehe nne, siku ya Mtakatifu Barbara, na kila tarehe nne Desemba Dada Dinalva hupika karuru, mchuzi mzito wa bamia na mawese, kama Mama alivyokuwa akipika. Safari hii sikuiokota. Niliipigia hesabu mwaka mzima. Nataka kukaa tena mezani kwa dada yangu. Ana miaka sabini na minne, mimi sitini na sita, na umri huu haungoji mtu.

Tatizo ni bamia. Kwetu karuru ina sheria moja. Bamia zote hukatwa vipande vidogo vidogo, halafu chache huachwa nzima na kuzamishwa humo humo. Ukikuta nzima kwenye sahani yako, karuru ya mwaka unaofuata ni juu yako: kununua, kukata, kupika, kualika mtaa. Mwaka 1987 niliikuta mimi. Tiketi ya basi la Santos ilikuwa mfukoni. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaimeza. Nzima. Dada aliliona koo langu likipanda na kushuka.

Sijarudi tangu siku hiyo. Mama alipofariki nilikuwa Santos. Kwetu maiti huzikwa kesho yake, na basi linachukua siku mbili. Nilituma shada la maua. Kila Krismasi namwandikia Dada kadi ndefu, naye hunijibu kwa kadi yenye maneno mawili: Karuru lini?

Jumatano, 2 Desemba

Bahari pande zote. Hakuna la kutazama, kwa hiyo nimetazama ya zamani. Nimeikumbuka nyumba yetu ya mtaa wa Santo Antônio, ukuta wa bluu, dirisha la nyuma linaloiangalia ghuba. Nimemkumbuka Mama akisaga kamba wakavu, na mimi nikiiba korosho kutoka chini ya kiwiko chake. Alikuwa akijua. Alisogeza kiwiko ili nipate.

Mchana meli ilitangaza chakula cha Bahia, jimbo letu. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Waliyoiita karuru haikuwa na tone la mawese. Rangi yake ilikuwa ya povu la sabuni. Nikamwita mpishi nikamweleza kwamba mimi ni mzaliwa wa Salvador na kwamba Mama angelia. Mpishi akasema asante kwa maoni. Osmar akaongeza sahani ya pili.

Osmar ameuliza kama anaweza kuja kwa dada yangu Ijumaa. Nilitaka kukataa. Kisha nikamtazama anavyokula, bila kuangalia sahani, macho yako kwa watu, mdomo unauliza maswali, na wazo likanijia lote kwa pamoja. Nikamwambia karibu sana, shemeji. Sheria ya bamia sikumweleza. Hakuuliza.

Alhamisi, 3 Desemba

Mazoezi. Bamia hakuna, nimetumia maharage mabichi. Kazi yenyewe ni rahisi: Osmar anaangalia pembeni, kijiko changu kinavuka, harage linatua kwenye sahani yake. Asubuhi nimeangusha matatu sakafuni na moja kwenye kikombe cha mama wa Campinas tunayekaa naye meza moja. Amesema wazee wengine hutetemeka mikono, nisione aibu.

Mchana nimebadilisha mbinu. Nikaonyesha dirishani nikasema, pomboo! Meza nzima ikageuka. Harage likavuka, likatua, safi kabisa. Osmar akarudisha shingo akasema amehesabu watano. Nikadhani ananidhihaki. Mama wa Campinas naye akasema watano, na mmoja mdogo. Watu wote wa meza wamewaona pomboo isipokuwa mimi. Nilikuwa naangalia harage.

Si kitu. Mkono uko tayari. Nimepiga pasi shati jeupe na suruali nyeupe. Salvador siku ya Ijumaa watu huvaa nyeupe, nami sitashuka kwenye mji wangu kama mgeni. Osmar ataishia kuvaa ile fulana yake nyekundu. Nimemwambia anafanana na mtungi wa kuzimia moto.

Ijumaa, 4 Desemba

Naandika melini, saa kumi na mbili jioni. Nitaandika yote.

Tumeshuka saa tatu na robo. Nimevuta pumzi ya kwanza na harufu ilikuwa ile ile: mawese ya moto, chumvi, mawe yaliyopata jua. Nimesimama kidogo. Osmar akanishika kiwiko akidhani nina kizunguzungu.

Halafu nikaona. Mji mzima mwekundu. Nguo nyekundu, vilemba vyekundu, mawaridi mekundu mikononi, wazima moto wamejipanga kwa gwaride. Ijumaa ni nyeupe, ndiyo, lakini tarehe nne Desemba ni ya Mtakatifu Barbara, na Barbara, mlinzi wa wazima moto, ni mwekundu hata ikiangukia siku gani. Jambo hili nilikuwa nikilijua kabla ya kujua kusoma. Nimekumbuka tumbo, nikasahau shati.

Kwenye foleni ya lifti ya kupandia mji wa juu, mwanamke mwenye kuuza utepe wa baraka akanijia mbio. "Karibu Bahia, mzee wangu! Umetoka São Paulo?" Nikamwambia mimi ni mtoto wa Santo Antônio, hapo juu. Akanitazama toka kola mpaka viatu. "Mtoto wa hapa na weupe huu, leo? Baba, usinichekeshe, nina kazi. Huyu mwenzako ndiye wa kwetu." Akamfunga Osmar utepe mkononi, bure. Mimi akaniuzia.

Mtaa nimeupata. Ukuta wetu sasa ni wa njano. Dada Dinalva alikuwa mlangoni, gauni jekundu, ufunguo shingoni kama Mama. Amekuwa mfupi. Nilikuwa nimeandaa hotuba na kilo moja ya kahawa bora ya Santos, maana mkono mtupu haulambwi. Hotuba ilipotea. Akapokea kahawa, akainusa, akaniuliza, "Umekuja na karuru, au umekuja na mdomo tu?" Nikasema, dada, nimekuja. Akasema, "Naona. Ingia, chakula kinapoa. Na huyu kijana nani?" Osmar ana miaka sitini na minne.

Majirani kumi na wawili mezani, wote wekundu. Mimi katikati kama jino la bandia. Osmar kwa dakika tano alikuwa ameshajua nani kamzaa nani. Dada akapakua mwenyewe, sahani moja moja: karuru, wali, kunde, kuku, ndizi za kukaanga, bisi juu. Yangu alikwenda kuipakulia jikoni.

Kijiko cha kwanza. Mawese yakanigusa ulimi nikawa na miaka tisa. Sisemi uongo, nilisikia kiwiko cha Mama kikisogea. Nilitaka kuinama nilie pale pale juu ya wali. Kijiko cha pili kikagonga kitu. Kirefu. Kijani. Na kikonyo chake.

Hapo nilipaswa kufanya kitu kimoja, na nilikuwa na miaka ishirini na minane ya kufikiri ni kipi. Mkono haukufikiri. Nikamwambia Osmar atazame ukutani nyuma yake, ile picha ndiyo Mama. Osmar akageuka kwa heshima, akaiangalia sana, hata akavua miwani. Bamia ikavuka. Ikatua. Zoezi halijawahi kwenda vizuri hivyo.

Alipoikuta akaiinua juu kwa uma, akauliza kwa furaha kama hii nayo inaliwa hivi hivi. Meza ikalipuka kwa makofi. Wakamweleza. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema ni heshima, atarudi mwakani, atapika, ila wamfundishe. Wakamkumbatia wote kwa zamu. Dada akambusu paji la uso, akamwambia atalala chumba cha nyuma, chenye dirisha la ghuba. Chumba changu. Kisha akaitazama sahani yangu, si ya Osmar. Muda mrefu. Akaniongezea wali.

Saa kumi tukaaga. Osmar alitangulia, ana watu wa kuwaaga mpaka nyumba ya nne. Dada akanizuia mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Ile bamia niliiweka mimi, Jurandir. Kwa mkono wangu, kwenye sahani yako."

Nikaanza kusema labda katika kupakua. Akasema, "Kaa kimya, mdogo wangu. Na ile ya mwaka themanini na saba aliiweka Mama. Alikuona umefunga sanduku. Akaniambia, mwenye bamia hana budi kurudi. Mwaka uliofuata alinunua sufuria kubwa, ili upate ya kupikia. Ndiyo hiyo niliyopikia leo."

Akanifuta mawese kidevuni kwa kidole gumba. Akaingia ndani.

Nimelia kwenye lifti, chini mpaka mwisho, na ghuba yote mbele yangu. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba wageni wengi hulia wakiuona mji kutoka hapa. Nilikuwa nimepewa nyumbani mara mbili, na mara mbili nimekimbia kwa hofu ya kukata bamia. Mjinga mimi. Mzee mzima.

Jumamosi, 5 Desemba

Bahari. Nimeamka na nia mpya. Bamia ile ni yangu, nitaidai.

Nimeanza kwa upole. Nimemwambia Osmar kwamba bamia nzima ikivuka bahari hupoteza nguvu, na mwenye mji lazima aichukue amsaidie. Osmar akasema pole pole kwamba aliila pale pale, haikuvuka chochote. Nimemwahidi kitanda cha dirishani. Akasema dirisha halifunguki. Nimemwambia karuru ni kazi nzito, bamia elfu moja, kila moja hukatwa kwa mkono, na mgongo wake haufai. Akasema ndiyo maana ameshaomba msaada.

Nikauliza msaada wa nani. Akasema wa Dinalva. Dinalva tu, hata dada hakuweka. Amempigia simu baada ya kifungua kinywa, wameongea nusu saa. Nusu saa! Mimi kadi ishirini na nane, maneno mawili mawili.

Alikuwa na salamu za kunipa. Dada anasema mwakani nami nije, nikate bamia kando ya Osmar, kisu kipo. Nivae nyekundu. Na nisihangaike tena na picha za ukutani, kwa sababu safari hiyo sahani yangu ataitia bamia nzima saba, aone nitazipeleka wapi.

Nimekwenda nje ukingoni mwa meli nikakaa peke yangu. Saba. Dada yangu anataka nirudi mara saba. Nitakuwa na miaka sabini na minne, kama yeye sasa. Nimebaki naitazama bahari, na nimesema kwa sauti, Mama, nimesikia.

Kisha nikapiga hesabu. Osmar peke yake hawezi kubeba saba, atashtuka ifikapo ya tatu. Mama wa Campinas ni mjane, anapenda kusafiri, na akionyeshwa pomboo husahau sahani. Kuna wale ndugu wawili wa meza ya jirani, wanene, wanaoongea sana. Hao ni wanne. Wakati wa chakula cha mchana nitawauliza kama wamewahi kula karuru ya kweli.