Sala ya Saa Tano

Leo nimeadhirika. Tena nimeadhirika kwa magoti, ndani ya nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe, mbele ya mtu mmoja ambaye sikutakiwa kabisa kuadhirika mbele yake. Nawaandikieni haraka haraka, wenzangu mliopangiwa kufundisha Geita na Musoma, kabla habari haijawafikia kwa midomo ya watu wa Mkolani, mtaani kwangu. Wakiwasimulia wao wataongeza chumvi. Na hii haihitaji chumvi!

Wa kulaumiwa kwanza ni Masanja. Mnamkumbuka, tulisoma naye chuo cha ualimu Butimba, yule aliyekuwa akisinzia akiwa amesimama. Ameacha chaki. Siku hizi biashara imefunguliwa, kila mtu mfanyabiashara, na Masanja ana kibanda chake sokoni. Anauza redio, pasi na saa za ukutani, vitu ambavyo zamani tulivikuta kwa watu waliotoka nje tu. (Enzi zile tulipanga foleni ya sabuni. Leo sabuni zimejaa, mifuko ndiyo mitupu.) Huyo Masanja ndiye aliyeniuzia oveni.

Ni oveni ndogo ya umeme, ya kuweka mezani. Ina mlango wa kioo, ina taa nyekundu, ina kitufe cha kuzungushia dakika. Dakika zikiisha inalia kengele, na si kengele ya mchezo. Ukiwa chooni huko nje unaisikia.

"Imetumika kidogo tu, Dubai," Masanja akaniambia. "Ila kengele yake inakupa taarifa tu, moto haizimi. Ikilia, chomoa waya."

"Nisipochomoa?"

"Sasa kwa nini usichomoe?"

Kwa nini nisichomoe! Ningekuwa naye leo pale sebuleni, ningemshika shingo nimwonyeshe kwa nini.

Nisiwe mwongo, oveni ilikuwa imenifaa. Mnajua maisha ya kapera. Mkate wa juzi unauweka mle, unatoka kama umetoka dukani. Viazi vitamu unaviingiza, unakaa kusahihisha hesabu za darasa la tano, kengele ikilia vimeiva. Ndizi hivyo hivyo, na maganda yake. Hakuna kupuliza mkaa, hakuna kutoka machozi. Nilikuwa nimeanza kunenepa. Shida ilikuwa moja tu: nyumba nzima ina soketi moja, nayo iko sebuleni. Kwa hiyo jiko langu liko sebuleni, juu ya kimeza, kama redio.

Sasa mjue nani alikuwa anakuja. Mnafahamu nataka kumwoa Adelina, yule nesi Mhaya. Wazazi wake walishafariki. Aliyemlea ni shangazi yake, Ma Paskazia wa Muleba, ambaye yuko Nyakato kwa ndugu zake. Ma Paskazia akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, nirudi zangu kwetu Magu nikachunge ng'ombe. Na alitaka kujua mambo mawili. La kwanza, je, huyu Msukuma anajua kukaa nyumbani kama mtu? La pili, je, haya mafundisho ya ubatizo aliyoanza yamemwingia, au anafuata binti tu? (Kwetu babu alikuwa na mizimu yake, na baba hakuwa na nafasi ya dini yoyote. Mimi ndiyo kwanza nimefika kwenye amri ya nne.)

Yeye na Adelina walisema watafika saa saba. Nikaamka mapema, nikapata sato mmoja mzuri mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Sangara siku hizi wote wanapanda ndege, sisi tunaachiwa mapanki, mifupa na vichwa, lakini sato bado anapatikana ukiwahi. Nikampaka chumvi, limau na kitunguu saumu, nikamfunika kwa nyanya. Kwa kuwa oveni ni ndogo, nikaona atangulie sato, ndizi zifuate. Saa tano kasoro hivi nikamwingiza. Nikazungusha kitufe. Taa nyekundu ikawaka. Nikajisifu!

Sijamaliza hata kujisifu, nikasikia mlangoni, "Hodi! Tumsifu Yesu Kristo!"

Wamewahi! Tena sana! Na mimi jiko liko sebuleni, linawaka, kama niko kambini. Nikapaparika. Nikachukua kitambaa cha kufuma alichonipa Adelina, kile cheupe, nikaifunika oveni yote. Juu yake nikaweka kile chombo cha maua ya plastiki. Pakapendeza. Nikafungua mlango.

"Tumsifu Yesu Kristo," akarudia mama wa watu.

Nikajibu, "Marahaba."

(Mnaona? Mnaona siku ilivyoanza?) Adelina akafumba macho. Nikajirekebisha, "Milele amina, shikamoo Ma," nikainama mpaka karibu nianguke. Ma Paskazia akaniitikia, akaingia. Ni mama mrefu, mkimya, ana rozari shingoni na mkoba mkubwa mweusi. Akatazama viti. Akatazama sakafu. Akatazama kile kimeza kwenye kona, kitambaa cheupe, maua, na ile taa nyekundu iliyokuwa inachungulia kwenye matundu ya kitambaa. Akakitazama kwa muda mrefu sana. Uso wake ukalegea. Sikuelewa kwa nini. Nikadhani amekitambua kitambaa, maana ndiye aliyemfundisha Adelina kufuma.

Akachagua kiti cha pembeni ya kimeza. Na nyuma ya kiti hicho, wenzangu, ndipo ilipo soketi.

Tukaongea. Habari za Muleba, habari za kahawa, habari za migomba inayokufa. Nilianza kupumua. Ndipo ikalia.

Ng'iii!

Nikainuka ili nichomoe. Ma Paskazia akanitangulia. Aliteremka kwenye kiti mara moja, magoti chini, uso kuelekea kimeza, akafanya ishara ya msalaba.

"Saa sita imefika," akasema kwa sauti ya chini. "Na kengere unayo mwenyewe. Adelina, hukuniambia mwenzio ana artare nyumbani."

Altare! Meza ya ibada! Jamani! Kitambaa cheupe, maua, taa nyekundu, kengele. Mngekuwa ninyi mngesemaje? Nikafungua mdomo nimwambie, "Ma, hiyo ni..." lakini tayari alikuwa ameanza Malaika wa Bwana, ile sala ya Wakatoliki ya saa sita, macho ameyafumba, na mama wa umri ule akishapiga magoti unamwambiaje kwamba amepigia magoti jiko? Mtu aliyekuja kupima imani yangu! Nikapiga magoti. Nikajiambia, sala yenyewe si ndefu. Sato atavumilia.

Saa ilikuwa tano na ushee. Lakini saa yangu ya ukutani haitembei, betri nimeitia kwenye redio. Ujinga wangu wote ulikutana leo!

Sato hakuvumilia. Kufika Salamu Maria ya pili nikasikia harufu. Ilianza nzuri, ya limau na kitunguu saumu. Kisha ikageuka. Nikaamua kuisogelea soketi. Nikawa najibu "Maria Mtakatifu" huku natambaa kwa magoti, kidogo kidogo, kila jibu na hatua yake. Ma Paskazia akafumbua jicho moja. Akaniona natambaa kuelekea altareni. Macho yakamlenga machozi!

"Mungu ni mwema," akasema. "Basi tuwaombee na marehemu."

Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli. Ukoo ule una marehemu! Akaanza na Ta Klementi (Ta kwao ni kama mzee). Akamfuata Ta Bonifasi mkubwa. Akaja Ma Anisia, aliyekuwa na moyo mzuri, akaeleza na moyo wenyewe ulivyokuwa. Mimi niko mbele ya kiti chake, mkono nimeupitisha nyuma natafuta waya, naupapasa ukuta, soketi siipati. Moshi nao ukaanza kupenya kwenye matundu ya kitambaa, ukapanda taratibu katikati ya maua.

"Na ubani," Ma Paskazia akanong'ona.

Nikageuka kumwangalia Adelina aniokoe. Yeye anaijua oveni. Amekula viazi vyake! Nikamkuta kajiinamia, kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikafikiri analia kwa ajili yangu. Alikuwa anacheka! Mwanamke ambaye nimeanza kujifunza amri za Mungu kwa ajili yake, anacheka!

Waridi la plastiki likainama. Likadondosha tone. Ma Paskazia alikuwa amefika kwa Ta Bonifasi mdogo, aliyekwenda Uganda asirudi, na hapo hapo ukingo wa kitambaa ukashika moto.

"AMINA!" nikapiga kelele.

Nikaruka. Nikaukamata waya, nikauvuta kwa hasira zangu zote. Waya ukachomoka, na kimeza kikaja nao. Maua yakaenda huku, kitambaa kikaenda kule, nikakikanyaga kanyaga kama mtu anayeua nge. Oveni ikaanguka puu. Mlango wake ukafunguka. Sato akatoka, mweusi kuliko ubao wa darasani, akateleza juu ya sakafu yangu niliyoipiga rangi nyekundu jana, akasimama mbele ya magoti ya Ma Paskazia.



Halafu, kwa mbali, kutoka kanisani, kengele ya kweli ikaanza kulia saa sita.

Ma Paskazia akasikiliza. Akamtazama sato. Akanitazama mimi.

"Hii kengere ni ya nini?"

"Ya kanisa, Ma."

"Na ire?"

Jasho lilinitiririka mpaka ndani ya soksi. "Ya samaki, Ma."

Adelina akashindwa. Akalala chini kabisa, anapiga sakafu kwa kiganja. Ma Paskazia hakucheka. Alitulia, akakunja kanga yake vizuri chini ya magoti, akasema, "Basi tusari ya kweri." Na akaanza upya! Malaika wa Bwana, tangu mwanzo! Nikarudi magotini. Sato katikati yetu, moshi umejaa, macho yananiwasha, najibu kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa.

Ndipo jirani yangu Mama Kulwa akaingia mbio na ndoo ya maji. Akatukuta tumemzunguka samaki aliyeungua, watu watatu, tunasali. Akasimama mlangoni na ndoo yake.

"Mwalimu," akaniuliza, "kuna moto, au kuna ibada?"

Hakungoja jibu. Alikwenda kulitafuta mtaani.

Sala ilipokwisha, Ma Paskazia akasimama, akajipangusa, akaokota kilichobaki cha kitambaa, akakitia mkobani. Mlangoni akaniambia, "Jumapiri uje Nyakato, ure. Uje mikono mitupu. Mitupu kabisa." Akaondoka na Adelina.

Mikono mitupu! Niliposikia hivyo nikajua yameisha. Naitwa nikapewe hapana yangu mbele ya ukoo, tena wameogopa nisije na oveni. Nikaibeba oveni begani, nikaenda kwa Masanja. Njia nzima watoto wa shule yangu wananiamkia, "Shikamoo Padri!" Mama Kulwa alikuwa ameshapita!

Nikaibwaga oveni juu ya meza ya Masanja, nikamwaga yote. Matusi niliyompa siwezi kuyaandika, niko kwenye mafundisho. Yeye akangoja nimalize.

"Si nilikwambia uchomoe?"

Kisha, kuhakikisha kama imeharibika, akazungusha kile kitufe.

Ng'iii!

Magoti yangu yakakunjika yenyewe. Wenzangu, naapa, yalikunjika pale pale sokoni, mbele ya wauza nyanya, mpaka nikashika meza. Nikairudisha oveni begani nikaenda zangu. (Hapana, sikumwachia. Mkate mkavu utaula wewe?)

Nyumbani nikamkuta Adelina amerudi, anasugua masizi ukutani. Nikamwambia kama amekuja kuniaga aage haraka, nina hasira.

"Kuaga nini? Si umeitwa kula?"

"Nimeitwa kukataliwa!"

"Mtu akikukataa anakupikia?" akaniuliza. "Shangazi amecheka tangu hapo barabarani mpaka Nyakato, ilibidi nimshikilie. Amesema moyoni mwako hajaingia, lakini magoti yako ameyaona yanatembea. Hata kama yalikuwa yanamfuata samaki, amesema, yakizoea yatafuata na mengine."

Kwa hiyo nimekubaliwa. Nimekubaliwa kwa sababu nimeunguza chakula! Nimefurahi, siwafichi, nimefurahi mpaka nimekaa chini. Na bado nina hasira na Masanja, na Mama Kulwa, na Ta Bonifasi wote wawili, na huyu binti ambaye hata sasa hivi, kila akinitazama, anatafuta kanga ya kujiziba mdomo.

Harusini mtaalikwa. Nawaomba jambo moja tu: padri atakapofika pale kwenye mageuzo, anapoinua mkate watu wote wakiwa magotini, na kengele ikalia, mtu asinitazame. Na atakayeshindwa kabisa kujizuia, basi acheke akiwa amepiga magoti, kama mke wangu.